Sauti ya Dakika Tano

Hakuna aliyekaa chini akaamua kumwita Dakika Tano. Jina alijipa mwenyewe, kwa kinywa chake. Ukimwambia kompyuta yako imekuwa nzito, atakujibu dakika tano. Printa imemeza karatasi, dakika tano. Siku ya harusi yake, mpiga muziki alikwama kwa sababu kompyuta yake ilikataa kuzitambua spika. Bwana harusi akavua koti, akasema hiyo ni kazi ya dakika tano, na wageni wakala, wakanywa, wakaanza kuaga, yeye bado yuko chini ya meza na bisibisi mdomoni. Katika picha zote za ukumbini anaonekana kwenye moja tu, na hiyo imepigwa kwa nyuma. Mkewe ameitundika sebuleni. Mgeni akiuliza huyu ni nani, anajibiwa kuwa ni mwenye nyumba, anakuja baada ya dakika tano.

Si kwamba alikuwa mjinga. Angekuwa mjinga kabisa angenyamaza, na yasingemkuta yaliyomkuta. Kampuni ya maji ilikuwa imemkabidhi kompyuta thelathini na mbili azitunze, na ukutani pa ofisi yao palibandikwa mwongozo wa kurasa sita alioutunga yeye, wenye mishale na rangi mbili, kuhusu ugonjwa wa kibodi kufa ghafla. Kwa ufupi mwongozo ulisema hivi: kibodi kikikataa kuandika bila sababu, chanzo ni kuchakaa kwa lugha ya programu iliyomo ndani ya mashine, ile lugha ambayo mafundi huitumia kuiandikia kompyuta maagizo, na dawa yake ni kusakinisha toleo jipya. Ugonjwa huo aliuchunguza miaka miwili kwenye kompyuta ya baba mkwe wake. Aliutibu mara kumi na nne, na mara zote kumi na nne mgonjwa alipona. Mwenzake mmoja aliwahi kuuliza mbona kwenye zile thelathini na mbili za ofisini ugonjwa huo haujaonekana hata mara moja. Dakika Tano alimjibu kuwa zile zina kinga.

Baba mkwe mwenyewe alikuwa msahihishaji wa gazeti kwa miaka arobaini. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kigumu na kalamu nyekundu, kusoma kila kitu kabla hakijachapwa, na kuzuia watu wasicheke mahali pasipostahili. Alipostaafu hakuacha. Alisahihisha maandishi ya kwenye maboksi ya dawa. Alisahihisha kadi za mialiko na kuzirudisha kwa wenyewe zikiwa na alama nyekundu, na baadhi ya wenyewe hawakumwalika tena. Alipofiwa na mkewe alianza kuandika kitabu cha maisha yake kwenye kompyuta ya mezani, mashine kuukuu ya kijivu ambayo sanduku lake lilikaa chini ya meza katika chumba cha mbele. Macho yalikuwa yameshaanza kumwacha, lakini vidole vyake vilikijua kibodi. Kitabu kilipofika mwisho, kurasa mia na ishirini, macho nayo yakawa yamefika mwisho.

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Mtu aliyesoma kazi za wengine miaka arobaini hawezi kuiacha ya kwake itoke bila kuisikia, koma kwa koma. Na muda ulikuwa umebana. Mchapaji, rafiki yake tangu enzi za gazeti, alitaka kitabu kiwe mkononi mwake Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo mashine yake ilikuwa inaingia kwenye kalenda na madaftari ya shule, na isingetoka huko mpaka miezi mitatu ipite. Msahihishaji alisema miezi mitatu hawezi kumwahidi mtu. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hakuna aliyemwuliza ana maana gani.

Kitabu kilitolewa kwa printa, na wasomaji wakajaribiwa. Jirani mmoja, karani wa mahakama, alisoma kurasa nane akaanza kuongeza maneno yake mwenyewe, akashukuriwa na kusindikizwa mpaka mlangoni. Binti wa mzee, mke wa Dakika Tano, alisoma wiki nzima kila jioni baada ya kazi, na alisoma vizuri, mpaka alipofika ukurasa wa tisini na saba. Mzee akainua kidole. Alisema amesikia karatasi mbili zikigeuzwa kwa pamoja. Binti akasema zilishikana. Mzee hakubishana, ila toka siku hiyo hata kurasa tisini na sita za mwanzo hakuziamini tena, na akatangaza kuwa hataki msomaji mwenye haya. Alikuwa amesikia redioni kwamba siku hizi kompyuta inaweza kusoma kwa sauti. Mashine haina haya, alisema.

Jumatano, wakiwa mezani wanakula, alimwuliza mkwewe kama jambo hilo linawezekana kwenye mashine yake ile. Dakika Tano hakumaliza hata kutafuna.

"Dakika tano, baba."

Mkewe aliweka kijiko chini. Walipobaki wawili jikoni alimwomba ajitoe. Alimwambia aseme mashine ni kuukuu, haiwezi, hakuna atakayemlaumu, na yeye mwenyewe angemsomea baba yake upya kuanzia mwanzo. Dakika Tano alilichukua hilo kuwa dharau. Alidhani ukurasa uliorukwa ulihusu vituko vya utoto wa mkewe, na kwamba sasa, juu ya haya zake, anamwona mumewe hafai. Akaomba likizo ya siku mbili kazini ili amwonyeshe.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya mzee. Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuwahi kuuvunja: kabla ya kugusa lolote, alichomoa nyaya zote, akalivuta sanduku, akapuliza vumbi, kisha akazichomeka nyaya zote upya, moja baada ya nyingine, huku akizitaja kwa sauti ya daktari anayefundisha wanafunzi. Mzee alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, akisikiliza. Alikuwa amevaa shati la kazini na kalamu nyekundu mfukoni, ingawa hakuwa na namna ya kuitumia.

Programu ya kusoma kwa sauti aliipata mapema, na kwa nusu saa nzima alikuwa mtu mwenye furaha. Lakini programu za namna ile haziji peke yake. Zinategemea maktaba, yaani vifurushi vya kazi za mafundi wengine vinavyoiongezea lugha mambo ambayo haikuzaliwa nayo: kimoja cha kufungua faili, kingine cha kukata sentensi, kingine cha kugeuza maneno kuwa sauti. Aliisakinisha ya kwanza, ikasema inamtaka mwenzake. Mwenzake akasema hatembei bila kaka yake. Kufikia saa nne alikuwa kama mtu aliyealika mgeni mmoja akajikuta anaufungulia mlango ukoo mzima, na kila aliyeingia aliuliza kama yule wa nyuma yake amefika.

Ya mwisho ndiyo ilikuwa ya sauti yenyewe, na hiyo ilimkaba. Walioiandika walitengeneza nakala zilizo tayari kwa kompyuta mpya tu. Wenye mashine za umri ule waliachiwa msimbo mbichi na maneno ya kuwatakia heri. Ilibidi aukompaili, yaani augeuze kuwa programu inayofanya kazi, yeye mwenyewe papo hapo, ni kama kuomba unga ukapewa mahindi na kuonyeshwa kinu kilipo. Akaanza kusaga. Dakika ishirini mistari ikapanda kwenye skrini, kisha mashine ikatoa mstari mwekundu: kuna faili dogo haliko. Akalitafuta, akaliweka, akasaga tena dakika ishirini. Kuna lingine haliko. Ingekuwa ni mtu angeshamwuliza, wewe bwana, kwa nini hukusema yote mara moja.

Kuelekea mchana mzee alizungumza kwa mara ya kwanza. Alisema amesikia vitufe vilevile vikibonyezwa kwa mpangilio uleule mara tano. Dakika Tano alimweleza kuwa hiyo ni mbinu ya kitaalamu. Mzee akasema gazetini pia walikuwa nayo, waliiita kutojua.

Saa kumi jioni msimbo ulisagika mpaka mwisho bila mstari mwekundu hata mmoja, na mashine ikaandika kuwa kazi imefanikiwa. Dakika Tano alisimama. Alinyoosha mgongo, akakisogeza kiti cha mzee karibu na spika, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kuhutubia, akabonyeza. Skrini iliandika mstari mmoja tu: maktaba ya sauti haijulikani.

Mzee alisubiri kwa adabu. Kisha akauliza kama imeanza.

"Bado, baba. Dakika tano."

Alirudi kwake jua likizama, na njiani alijifariji kwa kusema kuwa kesho ni Ijumaa.

Ijumaa ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa hakukuwa na kosa la kurekebisha. Akiiamuru mashine iisakinishe maktaba ya sauti, ilimjibu kuwa maktaba hiyo imo tayari. Akiiambia isome, ilimjibu kuwa haijawahi kuisikia maktaba hiyo. Alifuta yote, akasaga upya, akapata majibu yaleyale mawili kutoka kwenye kinywa kimoja. Alitafuta mtandaoni, akamkuta mtu mmoja aliyepatwa na mkasa huohuo miaka saba iliyopita. Alisoma malalamiko yake yote kwa matumaini makubwa, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwisho, ambapo yule mtu aliandika: nimeshapata suluhisho, asanteni sana. Suluhisho hakulitaja. Dakika Tano alimtakia mambo ambayo hayafai kuandikwa.

Saa tano mchapaji alipiga simu kuulizia. Mzee alimjibu kuwa kazi iko mikononi mwa mtaalamu. Aliposema hivyo hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililomwumiza Dakika Tano. Alimtazama mzee katika shati lake la kazini, kalamu mfukoni, amekaa wima siku ya pili kusubiri kazi yake ya mwisho, na kwa mara ya kwanza aliogopa kweli. Kurasa mia na ishirini zilihitaji saa sita au saba za kusomwa na kusahihishwa. Mchana ukipita hivi hivi, kitabu kitatoka kikiwa na makosa ambayo mwenyewe hakuyasikia, au hakitatoka kabisa. Yote kwa sababu kuna mtu alishindwa kutafuna kwanza ndipo ajibu. Akageuza kiti.

"Baba, nadhani nimeshindwa."

Maneno hayo hakuwahi kuyasema mbele ya kompyuta yoyote. Mzee akamwambia amweleze kosa lenyewe, si ufundi, kosa tu, kama angemweleza mtu wa gazeti. Dakika Tano akaeleza: naiweka, inasema imo, naiita, inasema haimo. Mzee akauliza kama ana hakika kuwa imo. Akajibu kuwa ameiona kwa macho yake.

Basi mzee akamsimulia. Mwaka fulani gazeti lililetewa tangazo la msiba ambalo lilimtaja mjane kuwa ndiye marehemu. Yeye aliliona kosa, akalikata kwa kalamu nyekundu, akaiona karatasi iliyorekebishwa kwa macho yake kabla ya kwenda kulala. Asubuhi gazeti likatoka, na mjane yumo, amekufa. Mjane alikuja ofisini yeye mwenyewe kuthibitisha kuwa si kweli. Walitafuta siku mbili nani alaumiwe. Kumbe mezani kulikuwa na nakala mbili za ukurasa uleule. Moja ilisahihishwa, ikachapwa nyingine.

"Karatasi unayoisahihisha siyo inayokwenda mashineni," alisema. "Humo ndani mna nakala mbili, mwanangu. Itafute ya pili."

Dakika Tano alitabasamu lile tabasamu la wataalamu wanaposhauriwa na wazee. Akatafuta, kwa heshima tu, ili mzee aridhike. Mbili hakuzipata. Alipata sita. Lugha ileile ya programu ilikuwa imesakinishwa mara sita ndani ya sanduku moja, kila nakala katika chumba chake, na hakuna iliyomjua jirani yake. Maktaba ya sauti alikuwa anaiweka kwenye nakala mpya kuliko zote. Programu ya kusoma ilikuwa inaiamsha ya zamani kuliko zote. Siku mbili alikuwa anapika kwenye jiko moja na kupakua kwenye jiko lingine, halafu anashangaa sufuria tupu.

Mzee aliuliza nakala zote hizo zimetoka wapi. Tarehe zilikuwa pale, na kila moja ilikuwa Jumamosi. Kikulacho ki nguoni mwako. Dakika Tano akamweleza kuwa ni yeye aliyeziweka, zilikuwa dawa, kila kibodi kilipokufa aliongeza toleo jipya, na kama jipya halijatoka alirudia lililopo. Hapo mzee alishikwa na kikohozi kirefu akaomba maji.

Kilichobaki kilikuwa kuisaga maktaba ya sauti kwa ajili ya ile nakala iliyokuwa ikiamshwa, na vifaa vyote vilikuwa vimeshakusanywa tangu jana. Nakala ile ya zamani ilikuwa nyepesi, na haikulalamika hata mara moja. Alitazama saa alipoanza, akatazama alipomaliza. Dakika nne na sekunde arobaini. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake, na shahidi pekee alikuwa mtu asiyeweza kuona saa.

Akabonyeza. Spika zilikwaruza, kisha sauti ya mwanamke asiyeshangazwa na lolote ikasema: sura ya kwanza.

Mzee alishika mikono ya kiti. Midomo yake ilifuata maneno. Sentensi ya tatu ilipokwisha akainua kidole, akasema irudishwe, kuna koma ameiandika na hakuisikia. Dakika Tano akatazama. Koma haikuwepo. Akaiweka. Walianza hivyo kabla ya saa saba na kwa mchana wote ule wakafanya kazi, mwanamke akisoma, mzee akiinua kidole, mkwe akiandika anachoambiwa. Neno lililorudiwa lilitolewa. Tarehe mbili zilibadilishana nafasi. Walisahau kula. Dakika Tano aligundua kuwa anapenda kitabu hiki, ingawa sauti ile ilisoma habari za mafuriko na za ndoa kwa utulivu uleule mmoja.

Mkewe alifika saa kumi na moja kutoka kazini, mkoba ungali begani. Alipoisikia sauti akiwa bado barabarani alifurahi, alisema baadaye, kwa muda wa hatua tatu. Kisha akaingia chumbani akasikia inataja ukurasa wa tisini na sita. Alisema chai. Alisema wamechoka, wapumzike, wanyooshe miguu. Hakuna aliyeinuka. Akapita nyuma ya kiti cha mumewe na kuupeleka mkono kwenye kile kitufe cha kupunguza sauti.

"Mwache asome," mzee alisema. "Huyu hana haya."

Mkono ukarudi. Ukurasa wa tisini na saba ulianza, na mwanamke wa kwenye spika akausoma hivi:

"Mke wangu alipofariki, nyumbani tulibaki wawili, mimi na saa ya ukutani. Jumamosi moja waya wa kibodi ulilegea wenyewe nyuma ya sanduku. Sikujua, nikampigia mkwe wangu. Alisema dakika tano. Alifika saa tatu asubuhi akaondoka jua linazama. Alichomoa nyaya zote, akazirudisha, na kwa kuzirudisha akawa amemaliza kazi bila kujua. Kisha akaitibu mashine nzima siku kutwa. Alikula, akanisimulia ya kazini kwao, akabishana nami juu ya mkato na nukta, akanifanya nicheke. Baada ya yeye kuondoka niliuvuta waya kidogo, kibodi kikafa tena, nikaelewa. Ilipopita miezi miwili nyumba ikanishinda tena. Waya haukulegea, nikaulegeza. Nimefanya hivyo mara kumi na tatu. Nimekuwa msahihishaji miaka arobaini, na hili ndilo kosa pekee nililolitia kwa makusudi. Mkwe wangu hakuwahi kuuona ule waya. Namshukuru Mungu kwa kumnyima jicho hilo."

Mke wa Dakika Tano aliinama akaisimamisha programu. Saa ya ukutani ilisikika.

Dakika Tano alikuwa amekiangalia kibodi, na masikio yalimwaka. Alikuwa anahesabu. Moja ya kwanza na kumi na tatu za mzee ni kumi na nne, hesabu ilikubali mpaka ya mwisho. Aliufikiria mwongozo wa kurasa sita, mishale yake, rangi zake mbili. Alilifikiria jibu lake la kinga, na yule mwenzake aliyeitikia kwa kichwa. Akawaza jambo lingine lililokuwa baya zaidi, au zuri zaidi, hakuweza kuamua: kila Jumamosi ile mashine ilikuwa imepona alipomaliza tu kuzichomeka nyaya. Siku zote alikuwa amesema kweli. Zote kumi na nne zilikuwa kazi za dakika tano.

Na yeye je, ni nani aliyemshika asiondoke kabla jua halijazama? Hakuna aliyemshika. Alikuwa na mke nyumbani, na wikendi ni siku mbili tu, lakini kila mzee alipopiga simu alivaa viatu haraka kuliko alivyovivaa kwenda kokote. Alikuwa anapenda kuja. Aibu ilikuwa bado ipo pale pale, imekaa, lakini sasa ilikuwa imepata mwenzake wa kukaa naye.

"Nilitaka usikie kwa baba mwenyewe, si kwenye kitabu watu wakiwa wameshakisoma," mkewe alisema kwa upole.

"Amesikia kwangu," mzee alisema. "Sauti tu ndiyo ya kuazima."

Aligeuza uso upande alipodhani mkwewe amekaa. Alikosea kidogo, akawa anaitazama printa. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumlalamikia kwa kuacha jambo la kweli lichapwe, ila mwenye jambo akiwepo huulizwa kwanza.

"Ukurasa huo ni wako, mwanangu. Ukisema utoke, utatoka. Kuufuta kutachukua muda gani?"

Kuufuta kulihitaji vitufe viwili. Kidole cha Dakika Tano kilikuwa tayari kimelala juu ya kimojawapo. Alikitazama, akamtazama mkewe, akautazama waya wa kibodi ulivyoshuka nyuma ya meza, mwembamba, wa kijivu, pale pale ulipokuwa miaka yote miwili.

"Dakika tano, baba."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Mchapaji anakuja kesho saa sita," alisema. "Muda huo hatuna. Mwambie mama huyo aendelee."